Fundi Aliyetaka Niige Mlio

Mpaka leo siwezi kusema kwa uhakika kama nilimfahamu Fundi. Nilimpelekea mashine kwa miaka kadhaa, nikala naye mihogo ya kuchoma kwenye benchi lake, nikamsifu kwa watu, kisha nikamchafulia jina kwa watu walewale. Hata hivyo mtu akiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, naanza vizuri, nafika katikati, nakwama. Labda nikiandika nitaelewa. Nisipoelewa, basi angalau nitakuwa nimesema ukweli mahali pamoja.

Wote tulimwita Fundi tu. Mjini Mbinga mafundi wamejaa, wa cherehani, wa pikipiki, wa mabomba, lakini ukimtaja Fundi bila kuongeza neno, watu walikuonyesha kile kibanda cha mabati nyuma ya stendi, chenye mlango uliopakwa rangi ya bluu nusu na nusu ukaachwa. Alianza na redio. Zikaja sabufa na ving'amuzi, akavipokea. Kompyuta zilipoingia maofisini na mashuleni akazipokea nazo, akisema ni redio zilizosoma.

Alikuwa na sheria moja. Huwezi kumwambia kwamba kitu kimeharibika. Ukimwambia, anakutazama usoni, anasubiri. "Najua imeharibika, ndiyo maana umekuja. Inasemaje?" Ukijibu kwamba inapiga kelele, anasogeza kigoda chake mbele yako kabisa, magoti yenu yanakaribia kugusana, anasema, "Niigie."

Siku ya kwanza nilipofika pale nilimkuta askari, mtu mzima na sare zake zimepigwa pasi, amesimama katikati ya kibanda anatoa mlio wa sabufa yake. "Kwrrr-pa! Kwrrr-pa!" Fundi alikuwa amemkazia macho. "Rudia," akasema. Askari akarudia. "Ile pa, inakuja mwisho au inaanza?" Askari akafikiri, jasho linamtoka, akaigiza tena pole pole, shingo imetokeza mbele kama jogoo. Fundi akaitikia kwa kichwa, akachukua daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, akaandika. Kisha akafungua sabufa, akatoa waya mmoja, akauunga, akaifunga. Kazi yote haikuzidi dakika kumi. Askari alitoka bila kumtazama mtu yeyote usoni, na mimi niliuma midomo mpaka akapita kona.

Katika daftari hilo aliandika kila mlio aliowahi kuletewa. Sauti upande wa kushoto, jina la mtu upande wa kulia. Siyo jina hasa, bali namna alivyomjua: mwalimu mkuu, mama wa maandazi, mzee wa trekta. Ukilifungua ungedhani ni la kichaa. Fyuuu-tap. Ngwi-ngwi-ngwi. Krrr, kimya, krrr. Alinisomea siku moja ukurasa mzima, nikacheka mpaka machozi, na yeye akacheka kwa kuchelewa kidogo, baada ya kuona kwamba mimi nimecheka. Hilo la kuchelewa nililiona. Niliona mambo mengi, sikuyaunganisha.

Kwa mfano, mtu yuleyule aliyesifiwa Mbinga nzima kwa sikio lake alifanya kazi karibu na redio iliyokuwa katikati ya vituo viwili, inanguruma upepo mtupu tangu asubuhi. Mama wa chipsi wa jirani alikuja kulalamika. "Fundi, hiyo redio inatutoboa masikio!" Fundi alikuwa ameweka kiganja juu ya spika, anafanya kazi kwa mkono mwingine. Hakugeuka. Mama akaja mbele, akamwonyesha kwa kidole, ndipo Fundi akazima na kuomba radhi kwa adabu zote. Tulisema ana uvumilivu. Wengine walisema ana majivuno.

Simu hakupokea. "Nitumie meseji," alikuambia, "maneno ya simu hupotea." Na akiwa amekupa mgongo usiongee naye, hakujibu, hata umsalimie mara tatu. Mimi nimelelewa na bibi Mmatengo wa milimani, ambaye kwake kutojibiwa shikamoo ni jambo la kuitishiwa kikao. Kwa hiyo nilikasirika. Kisha Fundi anageuka, ananiona, uso wote unachanua, "Aa, Katibu! Marahaba, marahaba!" na mimi najikuta sijui tena nilikasirikia nini.

Halafu kuna lile la basi. Lilisimuliwa na watu wengi, na mimi mwenyewe nilikuwemo. Tulikuwa tunatoka Songea, Fundi amekaa kiti cha mbele yangu. Baada ya mwendo fulani akavua viatu, akaweka nyayo sakafuni. Abiria mwenzake akaziba pua kumtania. Fundi hakumjali. Tulipofika Kitai, basi liliposimama kushusha watu, akavaa viatu, akachukua mfuko wake, akashuka. Alimwambia dereva kwamba gurudumu la nyuma kulia lina beringi inayokufa. Dereva akacheka, akasema basi limetoka gereji juzi. Tukamwacha Fundi barabarani kati ya wauza ndizi. Hatukufika mbali. Beringi ilikwisha kwenye mteremko, tukalala pembeni kama mzigo mpaka jioni, na Fundi alitupita amekaa juu ya lori, akatupungia mkono bila kuonyesha hata dalili ya kutucheka. Baada ya siku hiyo, ukisema Fundi hasikii vizuri watu wangekupeleka hospitali wewe.

Alikuwa pia na namna yake ya kusikiliza mashine yenyewe, baada ya mwenye mali kumaliza kuigiza. Alichukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mti, ncha akaiweka kwenye kasha, mpini akauuma kwa meno. Akafumba macho. Angeweza kukaa hivyo muda wa kumaliza rozari. Tulidhani ni mbwembwe za mafundi, maana kila fundi ana zake. Yeye alikuwa mtu wa ziwani, Mnyasa, Mwanglikana kati yetu Wakatoliki, na sisi watu wa milimani tukiona jambo la mtu wa ziwani hatulielewi, tunasema ndivyo walivyo huko.

Sasa niseme kuhusu mashine yangu.

Mimi ni katibu wa parokia moja huko juu, saa nzima kwa bodaboda kutoka mjini. Vitabu vyetu vya ubatizo vilikuwa vinaliwa na mchwa. Ukifungua kabati ulikuta njia za udongo zimepita katikati ya watakatifu. Paroko alipopata kompyuta ya mezani, ya zamani lakini nzima, akanipa kazi ya kuandika majina yote humo kabla mchwa hawajamaliza. Niliandika miaka mitatu. Jina la mtoto, baba, mama, msimamizi, siku. Ukurasa nikiumaliza, mara nyingine unavunjika mkononi kama jani kavu. Nilipofika mwisho, vitabu vitatu vya kwanza havikuwa vitabu tena. Majina yalibaki ndani ya mashine tu. Nilinakili nusu kwenye flashi, flashi ikapotea njiani, nikasema nitanunua nyingine. Nilisema hivyo kwa miezi.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuja ofisini karibu kila Jumapili baada ya misa. Mtoto wake wa kwanza alibatizwa akiwa na siku mbili, akafa siku ya nne. Hakuna picha, hakuna cheti, na kaburi lilishalimwa ngoro, yale mashimo yetu ya mahindi na maharage, na watu waliohamia pale bila kujua. Mtoto huyo aliandikwa mahali pamoja duniani, kwenye kitabu cha pili, mstari wa kati, nami nikauhamishia kwenye mashine. Bibi alikuwa haoni vizuri. Alikaa kwenye kiti, akaweka mikono mapajani, akasema, "Haya, mwanangu. Nisomee." Nilimsomea. Akashukuru, akaenda zake nyumbani.

Kwa hiyo mashine ilipoanza kutoa mlio, sikungoja.

Mlio wa kwanza ulikuwa wa kukwaruza, frrr, frrr, frrr-tap. Nililifunga kasha la kompyuta kwa blanketi, nikalipakata juu ya bodaboda mpaka mjini. Nilikuwa peke yangu na Fundi, nikaigiza bila aibu sana. Alinifanya nirudie mara nne. Kisha akauma bisibisi yake, akatabasamu na mpini mdomoni, akafungua. Kwenye mhimili wa feni ya nyuma palikuwa na uzi mweupe umejizungusha, mrefu, akawa anauvuta na kuuvuta.

"Huu ni uzi wa kufumia," alisema. "Umeifunika?"

Bila shaka nilikuwa nimeifunika. Nani anaacha kitu cha heshima wazi? Redio ya nyumbani ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, makochi yana vitambaa. Kompyuta iliyobeba wabatizwa wa parokia nzima niliifumia kitambaa chenye maua na pindo ndefu, kikashuka mpaka nyuma, na sikuwa nakitoa hata ikiwa inafanya kazi. Feni ilikuwa inakula kitambaa changu uzi kwa uzi.

"Umeivisha sweta halafu unaikimbiza," Fundi alisema. "Iache ipumue."

Nikaiacha ipumue. Niliiachia hewa kiasi kwamba nilitoa hata bati la ubavuni. Ikaja miezi ya kuvuna kahawa. Ofisi yetu ndiyo chumba pekee chenye sakafu ya saruji na kufuli la maana, kwa hiyo waumini wakileta kahawa kavu kama zaka, magunia yanakaa humohumo, na katekista anaihamisha kahawa kwa debe. Kahawa ikimwagika inaruka. Wiki haikuisha, mashine ikaanza kusema ka-ka-ka-ka, kimya, ka-ka-ka. Nikapanda tena bodaboda. Fundi alisogeza kigoda, akatazama mdomo wangu, akaniambia kabla hata hajafungua, "Kuna kitu kigumu kinacheza ngoma humo." Akaligeuza kasha, zikadondoka punje tatu. Alizipanga juu ya benchi, akacheka peke yake kwa muda mrefu. "Katibu, wewe unakobolea kahawa humu?"

Siku hiyo nilimwona ana pengo kubwa mbele. Nikamuuliza, akasema meno yamemchosha, anayang'oa moja moja. Nilimpa pole. Sikuwaza kwamba kuna mtu anayeweza kuhitaji meno kwa kitu kingine zaidi ya kula.

Mlio wa tatu ndio ulionichanganya. Ulikuwa mdogo. Haukuja kila siku. Mashine ikishapata moto, labda baada ya saa mbili, ungesikia tik. Kisha muda. Tik. Kisha kitu kama pumzi, na tik-tik-kwaa. Nilipolitoa tena bati niliona feni ziko safi. Nilipomwita Paroko asikilize, ukanyamaza. Katekista akasema ni mjusi ukutani. Nilimtafuta mjusi, nikampata, nikamfukuza, mlio ukabaki. Nikadhani ni saa ya ukutani. Nikaitoa betri. Nikadhani ni mabati ya paa yanayotanuka na jua, nikaanza kwenda nje na kurudi ndani kama mtu aliyepoteza funguo. Ikafika siku nikawa sijui kama nausikia kwa masikio au kwa wasiwasi wangu tu.

Paroko alikuwa anakwenda mjini na gari. Tukaliweka kasha nyuma. Mama mkwe wangu akaomba kusindikizwa sokoni, akakaa na mimi kiti cha nyuma. Kwa hiyo tulipoingia kwenye kibanda cha Fundi tulikuwa watu watatu: Paroko mbele, mimi, na mama mkwe amesimama mlangoni ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Fundi akasogeza kigoda. "Niigie."

Naomba mnielewe. Kwetu mwanamke aliyeolewa hatoi milio mbele ya mama mkwe. Hata kucheka tunacheka kwa kuziba. Bibi yangu alinifundisha kwamba ukisema na wakubwa, mkono uwe karibu na mdomo, macho yawe chini, na mimi nilikuwa nimeshazoea kiasi kwamba mkono hupanda wenyewe. Nikaziba mdomo kwa vidole, nikasema kwa sauti ndogo, "Tik."

"Toa mkono."

Nikashusha. Nikatazama sakafu. Mama mkwe akakohoa. Mkono ukapanda tena. "Tik. Tik-tik, kama... kwaa."

"Toa mkono, Katibu," alisema Fundi, na safari hii kwa ukali. "Nitazame."

Nilijisikia kama mtoto anayefokewa mbele ya ukoo. Nilikasirika pia, kwa sababu mimi nilikuwa ninampa heshima, na yeye ananidhalilisha. Nikarudia mara ya mwisho, mkono palepale mdomoni. Fundi akamgeukia Paroko. "Baba, wewe umeusikia?" Paroko akasema yeye hajabahatika. Fundi akachukua bisibisi, akaipeleka mdomoni, akajaribu kuuma kwa fizi, ikateleza. Akaiweka mezani. Akaliwasha kasha, akaliwekea kiganja. Akakaa. Mashine ilikuwa baridi, imetulia tuli.

"Mna kitu cha maana humu?"

"Majina ya watu," nikamjibu.

Alifungua daftari, akashika kalamu juu ya karatasi, hakuandika sauti yoyote. "Mimi sipati kitu," alisema mwishowe. "Ukiusikia tena, njoo. Uje peke yako."

Hayo maneno ya mwisho mama mkwe aliyasikia vibaya, nami nikayasikia vibaya kwa kumfuata yeye. Tukaondoka. Sikwenda tena.

Mashine ilikufa baada ya wiki tano, asubuhi, mimi nimekaa mbele yake. Ilisema tik-tik-kwaa mara nyingi mfululizo, kwa nguvu, kila mtu ofisini akasikia, na kisha kioo kikawa cheusi chenye maandishi ya Kiingereza. Tulipeleka diski Songea. Tukaambiwa haisomeki, imejikwaruza yenyewe kwa ndani, na kwamba ingewahi kuletwa pale ilipoanza kugonga, mafaili yote yangeokolewa kwa nusu siku.

Nilimchukia Fundi. Sijui neno jingine la kutumia. Nilisema sokoni, nilisema kwenye jumuiya, nilisema kwenye msiba wa watu, kwamba ni tapeli wa vigoda na daftari, kwamba anawafanya watu wazima walie kama bata kisha haoni kosa lililo mbele yake. Katibu wa parokia akisema, watu wanaamini. Ofisi zikaanza kupeleka mashine zao kwa vijana wa kule barabara kuu. Siku moja nilipita stendi, nikakuta kibandani panauzwa mboga. Nilijaribu kufurahi, nikashindwa, nikanunua mboga.

Na Jumapili iliyofuata kifo cha mashine, yule bibi alikuja. Alikaa, akaweka mikono mapajani. "Haya, mwanangu. Nisomee." Mbele yangu palikuwa na kioo kilichozimwa. Nilimtazama, nikatazama kioo, nikafungua mdomo, nikasoma. Nilikuwa ninalijua jina kwa moyo, la mtoto, la baba, la msimamizi, na siku. Akashukuru, akaenda. Nimeendelea kumsomea hivyo mpaka sasa. Paroko anajua, hajawahi kusema neno.

Miaka miwili ikapita. Mama mkwe akapata shida ya mguu, tukashauriwa tumpeleke hospitali ya Liuli. Tuliteremka milima mpaka Mbamba Bay, tukabadilisha gari, tukaifuata pwani ya ziwa. Alipolazwa nikawa na mchana mtupu wa kungojea. Nikashuka kijijini kutafuta usipa, dagaa wa ziwa lile, wa kurudi nao nyumbani.

Mwanamke mmoja mzee alikuwa ameanika usipa kwenye kichanja mbele ya nyumba yake. Tukapatana. Alipokuwa ananifungia, niliona barazani mtu ameketi ametupa mgongo, ameinamia redio. Shingo niliijua. Nikaita, "Fundi!" Hakugeuka. Nikaita tena, nikajisemea, anayo haki ya kutonijibu.

"Zunguka mbele akuone, mwanangu," alisema yule mama bila kuacha kufunga. "Ukimwita kwa nyuma utakauka hapo."

"Kwa nini?"

"Si hasikii. Kaka yangu huyo. Sikio moja liliondoka na homa akiwa mdogo, la pili likamwacha taratibu. Hapa kila mtu anajua. Anasoma midomo. Zamani alikuwa anasikia mashine kwa meno, sasa meno nayo yameisha." Akanitazama. "Wewe ulimjulia wapi?"

Nilikuwa nimesimama na usipa mkononi, na yote niliyowahi kuyaona yalianza kunirudia bila mpangilio, redio ya upepo, simu, nyayo kwenye basi, kicheko cha kuchelewa, toa mkono, toa mkono, Katibu. Kwanza nikamkasirikia upya. Kwa nini hakusema? Kisha nikajiuliza, angesema, ningempelekea mashine? Nani Mbinga angempelekea kiziwi redio? Nikajikasirikia mimi, nikamkasirikia bibi yangu aliyenifunza adabu, nikamkasirikia mama mkwe aliyelala hospitalini na mguu wake. Hakuna hasira iliyokaa.

Nikazunguka mbele.

Uso wake ulichanua palepale. "Katibu! Karibu, karibu!" Amezeeka, mashavu yameingia ndani. Nikasema shikamoo, akasema marahaba. Akasogeza kigoda. Tukakaa magoti yakikaribiana kama zamani, na sikujua pa kuanzia. Kwa hiyo nilianza na kitu pekee alichowahi kuniomba. Niliweka mikono yangu yote miwili mapajani, nikainua uso, nikamtazama, nikaigiza kwa mdomo wote, watu wa ziwani wapitao wakisikia.

"Tik. Tik. Tik-tik-kwaa."

Hakuchukua hata muda wa kufikiri. "Hiyo ni diski," alisema. "Hiyo haisubiri. Nakili vitu vyako leo hii, usizime mashine mpaka umalize."

Akaingiza mkono kwenye mfuko uliokuwa chini ya meza, akatoa daftari, limechakaa, jalada limeshonwa kwa waya. Akafunua kurasa mpaka akaupata wangu. Upande wa kulia palikuwa pameandikwa katibu wa kanisa, mara ya tatu. Upande wa kushoto palikuwa peupe. Akaandika pale, herufi kwa herufi, akiutazama mdomo wangu kama bado unasema, kisha akafunga kalamu.

"Bado inawaka?" aliuliza.

Nilisema, "Ilikufa, Fundi. Majina yote yalipotea. Mimi ndiye niliyeficha mdomo, halafu nikakusema wewe vibaya kwa watu."

Lakini nilikuwa nimeanza kulia, na midomo inayolia haisomeki. Alisogea karibu zaidi, akakunja uso, akanitazama kwa upole wa mtu aliye kazini.

"Rudia," akasema.

Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kupanda. Nikaushusha, nikarudia.